To the Lighthouse: naandikaje kuhusu usimulizi, uanamke na ishara bila kuishia kwenye orodha?

Mzamili_Fasihi

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa sura ya tasnifu kuhusu riwaya ya Virginia Woolf, *To the Lighthouse* (1927), na naiandika kwa Kiswahili. Mada ni mbinu za usimulizi, uanamke na ishara. Rasimu imerudishwa. Msimamizi anasema nimejenga vyumba vitatu visivyo na milango: cha kwanza mkondo wa fahamu (mawazo ya mhusika yakitiririka kama yanavyomjia), cha pili nafasi ya mwanamke, cha tatu orodha ya ishara (mnara wa taa ni matumaini, bahari ni wakati, picha ya mchoraji Lily ni ukombozi). Anataka nioneshe jinsi usimulizi wenyewe unavyobeba suala la mwanamke.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Nianze uchambuzi na kipande gani cha matini? Sehemu ya pili, "Time Passes", karibu haina wahusika. Naiingizaje kwenye hoja ya uanamke? Na je, Lily Briscoe anamshinda Mrs Ramsay, mama wa familia ya riwaya hii, au anamrithi?

Nawasilisha.

Kidau_cha_Wino

Mkuu, msimamizi wako yuko sahihi. Ukishaandika "mnara ni matumaini" umeifunga riwaya mapema. Mei 1927, kitabu kikiwa kimetoka mwezi huohuo, Woolf alimwandikia rafiki yake Roger Fry, mhakiki wa sanaa, kwamba hakukusudia mnara uwe na maana yoyote. Alihitaji mstari wa katikati wa kushikilia umbo la kitabu. Hii haifuti ishara. Inakuelekeza uulize nani anaitazama, lini, na akiwa katika hali gani. Katika safari ya mnarani ya sehemu ya tatu, James, mwana wa Mrs Ramsay, anauona mnara kwa karibu, wa mistari myeusi na myeupe, umesimama wima, na anakumbuka ule wa utotoni, wa rangi ya fedha ndani ya ukungu. Anakubali kwamba yote miwili ni mnara. Hapo Woolf amekupa kanuni ya kusoma ishara zake zote.

Kipande cha kuanzia ni cha soksi: sehemu ya kwanza, kifungu cha 5. Mhakiki wa fasihi Erich Auerbach alikichambua katika sura ya mwisho ya *Mimesis* (1946), kwa hiyo utakuwa na mtu wa kujibizana naye. Tukio lenyewe ni dogo mno. Mrs Ramsay anapima soksi ya kahawia kwenye mguu wa mwanawe James, mwenye umri wa miaka 6. Soksi anamfumia mtoto wa mlinzi wa mnara, mgonjwa wa kifua kikuu cha nyonga. James hatulii kwa sababu hataki mguu wake uwe kipimo cha mtoto mwingine. Soksi inaonekana fupi. Mama anamkemea, kisha anambusu na kumwambia watafute picha nyingine ya kukata. Katikati ya vitendo hivyo vya dakika chache anaviona viti vilivyochakaa, anawaza vitabu vinavyojiongeza vyenyewe na milango isiyofungwa, anamkumbuka msichana wa kazi kutoka Uswisi ambaye baba yake anakufa kwa saratani ya koo.

Sasa fanya hivi. Toa nakala ya kipande chote na uchukue kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza ipigie maneno yanayotamkwa kwa sauti. Ya pili, mawazo ambayo unaweza kuthibitisha kwamba ni ya Mrs Ramsay. Ya tatu, sentensi zisizo na mwenyewe. Rangi hiyo ya tatu ndiyo sura yako. Ghafla inakuja sauti inayosema kwamba hajawahi kuonekana mtu mwenye huzuni kiasi kile. Nani kasema? Si Mrs Ramsay, maana hauoni uso wake. Si James. Kisha tunarukia kwa Mr Bankes, rafiki wa familia, wakati mwingine na mahali pengine kabisa, akiongea na Mrs Ramsay kwa simu huku akimwona kama mrembo wa Kigiriki na kuwatazama mafundi wanaojenga hoteli nyuma ya nyumba yake.

Unaona kinachotokea? Ndani ya kichwa cha mama mna nyumba, viti, milango na ugonjwa wa mzazi wa mtu. Nje yake kuna watu wanaomgeuza sanamu. Usimulizi unayaweka mawili hayo bega kwa bega bila kusema lipi ni kweli, na mikono yake inaendelea kufuma. Huo ndio uanamke katika riwaya hii: mtu anayetazamwa na wote, anayehudumia wote, na ambaye hata msimulizi hadai kumjua mpaka mwisho.

Tahadhari mbili. Usiite kila kitu mkondo wa fahamu. Sehemu kubwa ya riwaya hii ni usemi wa taarifa huru: nafsi ya tatu, wakati uliopita, lakini msamiati na pumzi ni vya mhusika. Ni tofauti na sura ya mwisho ya *Ulysses* ya James Joyce, ambako Molly anawaza kwa nafsi ya kwanza karibu bila alama za uakifishaji. Ukizichanganya, mtahini atakubana hapo kwanza. Pili, Kiswahili hakibainishi jinsia kwenye kiambishi cha nafsi, kwa hiyo unapofupisha kipande taja jina la anayewaza karibu kila sentensi. Sentensi kama "anamwona kuwa mpweke" itampoteza msomaji wako katika aya ambamo fahamu inahama mara tatu.

Mwalimu_wa_Riwaya

Nijibu swali la pili, maana wengi huiruka sehemu hiyo na kuiita daraja tu. Kweli Woolf alichora kwenye daftari lake maboma mawili yaliyounganishwa na ujia mwembamba, lakini ndani ya ujia huo ndimo Mrs Ramsay anamofia.

Sehemu ya kwanza inachukua alasiri na usiku mmoja, kwa vifungu 19. Sehemu ya pili inameza miaka 10 kwa vifungu 10 vifupi. Kifo cha Mrs Ramsay kimo kwenye kifungu cha 3, ndani ya mabano ya mraba. Mr Ramsay anajikwaa ujiani asubuhi yenye giza, ananyoosha mikono, na kwa kuwa mkewe amekufa ghafla usiku uliotangulia, mikono inabaki mitupu. Chambua sarufi yake. Kiima ni mume. Kitenzi kikuu ni kunyoosha mikono. Kifo cha mwanamke aliyebeba kurasa zote zilizotangulia kimewekwa kwenye kishazi tegemezi. Watu husoma hapo wakasema "Woolf ni baridi". Mimi naona ni hoja nzito kuliko hotuba yoyote: maisha ya mwanamke huyu yalipimwa kwa mikono ya waliomhitaji, na kifo chake kinaripotiwa kwa kipimo hichohicho.

Fuata shali ya kijani sasa, maana ndiyo ishara inayovuka sehemu zote mbili. Katika kifungu cha 18 cha sehemu ya kwanza, kuna fuvu la nguruwe limepigiliwa ukutani kwenye chumba cha watoto. Cam hapati usingizi likiwepo. James anapiga kelele likiguswa. Mama anavua shali yake, analizungushia fuvu, halafu anamwambia Cam kwamba sasa ni kama kiota cha ndege, kama mlima mzuri, na anamhakikishia James kwamba fuvu bado lipo palepale. Kitambaa kimoja, maneno mawili, watoto wawili wanalala. Ukiandika tu "shali ni ishara ya umama" umeipoteza kazi hii ya akili. Anachofanya ni kukificha kifo bila kukikana.

Katika "Time Passes" shali inalegea mkunjo kwa mkunjo ndani ya nyumba tupu. Kifungu cha 4, mkunjo mmoja unaachia na kuning'inia. Kifungu cha 6, vishindo kama vya nyundo zilizozimwa na kitambaa kizito vinazidi kuilegeza, na papo hapo yanafuata mabano ya Andrew kuuawa na kombora Ufaransa. Prue ameshakufa kabla yake katika kifungu hichohicho, kwa maradhi yatokanayo na uzazi. Mama yake alimwahidi moyoni kwamba atakuwa na furaha kuliko Minta, mgeni aliyechumbiwa siku ile. Mtoto wa kiume anauawa na vita, wa kike na uzazi, na Woolf anawapa mabano ya ukubwa uleule. Weka jambo hilo kwenye sura yako.

Na usimsahau Mrs McNab, mwanamke mzee wa usafi, ambaye pamoja na Mrs Bast ndiye anayeiokoa nyumba isianguke. Hapa naomba uwe mkali. Msimulizi anampa fahamu, anampa kumbukumbu ya Mrs Ramsay akiwa na joho la kijivu bustanini, lakini anamwelezea kama mtu anayeyumba na kuchungulia upande, karibu asiye na akili. Riwaya inayotetea undani wa mwanamke inauzima undani huo kwa mwanamke maskini. Ukilitaja hili tasnifu yako itapata uti wa mgongo.

Mzamili_Fasihi

Asanteni sana. Hilo la kiima na kishazi tegemezi sikuwa nimeliona. Swali la Lily bado linanisumbua. Rasimu yangu inasema Mrs Ramsay ni mwanamke wa zamani na Lily ni wa kisasa, basi. Charles Tansley, mgeni wa akina Ramsay, anamwambia wanawake hawawezi kuchora wala kuandika, naye mwishoni anachora. Inatosha?

Nuktamkato

Haitoshi, lakini usiitupe. Muktadha unakuunga mkono: wanawake wa Uingereza walipata kura mwaka 1918 kwa masharti ya umri wa miaka 30 na mali, na usawa kamili ukaja 1928, mwaka mmoja baada ya riwaya. Mwaka 1931 Woolf mwenyewe alisema katika hotuba kwamba mwandishi mwanamke hana budi kumuua "Malaika wa Nyumbani", yaani yule mwanamke wa kujitoa mhanga kwa kila mtu. Ni rahisi kumwona Mrs Ramsay ndani ya sura hiyo.

Ila angalia Lily anapigana kwa vitu gani. Kwenye karamu, akiwa na umri wa miaka 33, anasogeza kidau cha chumvi juu ya kitambaa cha meza ili akumbuke kuusogeza mti katikati ya picha. Hiyo ndiyo siri yake mezani hapo. Muda mfupi baadaye Tansley anahangaika, anataka kuokolewa kwenye mazungumzo, Mrs Ramsay anamtupia Lily jicho, na Lily anasalimu amri: anamwomba Tansley kwa upole ampeleke mnarani. Kaupata uhuru wa mti, kaupoteza wa ulimi, kwenye meza moja.

Miaka 10 baadaye Mr Ramsay, mjane, anamsimamia mbele akidai huruma. Lily hana la kumpa. Kinachomtoka ni sifa kwa buti zake. Na mzee anafurahi! Anamfunga kamba za kiatu mara tatu na kuzifungua mara tatu, akimfundisha fundo lake. Hapo ndipo pa kuandika kuhusu uanamke mpya: amekataa kazi ya kuwa chemchemi ya mwanamume (rudi kifungu cha 7 cha sehemu ya kwanza uone Mrs Ramsay akichorwa kama mruko wa maji unaonywewa na mdomo mkavu wa shaba), na bado huruma imepatikana kwa njia nyingine.

Kidau_cha_Wino

Nakubaliana na Nuktamkato kwa buti, lakini nisingemaliza kwa ushindi wa Lily. Ni kweli anajisifu: ndoa ya Paul na Minta, aliyoipanga Mrs Ramsay, imeharibika, naye hajaolewa na yuko salama. Ila fahari hiyo haidumu. Anamlilia marehemu kwa jina, kwa sauti.

Hapa acha kufuata vitu, fuata umbo. Kifungu cha 11 cha sehemu ya kwanza, watoto wamelala, Mrs Ramsay anajihisi kuwa kiini cha giza chenye umbo la kabari, kitu ambacho wengine hawakioni. Na katika mapigo ya taa ya mnara analichagua la tatu, refu na tulivu, kuwa lake. Kabla ya hapo, kifungu cha 9, Lily amemchora yeye na James wakiwa kitu kimoja: pembetatu ya zambarau. Bankes anashangaa mama na mtoto kuwa kivuli tu. Katika sehemu ya tatu mtu asiyejulikana anakaa nyuma ya dirisha, na kivuli chenye pembe tatu kinaangukia ngazi. Kisha Mrs Ramsay yumo kitini, anafuma soksi yake ya kahawia.

Kabari, pembetatu, kivuli. La kwanza alilijua mwenyewe peke yake, la pili Lily alilikisia bila kuambiwa, la tatu linaletwa na bahati ya mwanga. Lily hajawahi kusikia mawazo ya kifungu cha 11, ila sisi tumesikia. Msomaji pekee ndiye anayejua kwamba mchoraji alipatia. Huo ndio mlango kati ya vyumba vyako vitatu: ishara inafanya kazi kwa sababu usimulizi umegawa maarifa, na maarifa yenyewe ni yale ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuyasema mezani.

Kwa hiyo swali la "kumshinda au kumrithi" libadilishe. Uliza Lily anaona nini ambacho mume, watoto na Bankes hawakioni, na anakiona kwa mbinu gani.

Soksi nayo usiiache njiani. Mwisho wa sehemu ya kwanza mama anailaza gotini na kumwambia mumewe kwamba hataimaliza, halafu anakubali kuwa kesho itanyesha. Hamtamkii kwamba anampenda. Riwaya ilianza na "ndiyo" yake kwa James, na sehemu hiyo inafungwa na "ndiyo" yake kwa mume.

Mwalimu_wa_Riwaya

La kiufundi kabla hujaandika. Toleo la kwanza la Uingereza na lile la Marekani, yote ya 1927, yanatofautiana katika sentensi ya mabano ya kifo. La Uingereza linarudia kunyoosha mikono, kisha linaweka sentensi fupi ya peke yake kusema ilibaki mitupu. La Marekani linaunganisha yote. Ukitaka kujenga hoja juu ya sarufi ya sentensi hiyo, taja toleo lako na unukuu kwa namba ya sehemu na kifungu, si ukurasa pekee. Kishazi tegemezi cha kifo kimo katika matoleo yote mawili, kwa hiyo hoja yako haiathiriki. Ila ukizungumzia mdundo wa mwisho wa sentensi, lazima useme unasoma ipi.

Na punguza vipande. Soksi, shali, mabano na buti vinajaza sura nzima.