Nani aliupindua mpangilio wa maneno ya Kiingereza: Waviking, Wanormani, au Waingereza wenyewe?

Msomaji_Tabora: Wakuu, tumebishana kazini hadi chai ikapoa. Kiingereza cha kale kiliruhusu *se cyning ofsloh þone mann*, mfalme alimuua mtu. Ukigeuza, *þone mann ofsloh se cyning*, muuaji bado ni mfalme, maana *se* inamtambulisha mtendaji na *þone* mtendwa. Leo ukigeuza hivyo, maiti ni ya mfalme. Mimi nasema waliosababisha ni Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 chini ya William. Karibuni.

Kaskazi: Huo mwaka 1066 unabebeshwa kila mzigo. Kuna Injili za Lindisfarne, za Kilatini, kutoka kaskazini mwa Uingereza, ambazo karne ya 10 padri mmoja aliandika Kiingereza katikati ya mistari yake. Miisho ya maneno, ambayo pamoja na *se* na *þone* ilionyesha nani mtendaji na nani mtendwa, humo tayari imeanza kuchanganyika, na William bado hajazaliwa. Waliokuwa wamehamia kaskazini na mashariki ni Waviking, yaani Wadenmaki na Wanorwe. Mashina ya lugha yao na ya wenyeji yalifanana, miisho ikatofautiana. Watu wakikutana mnadani watashika shina, mwisho wataumeza. Hata *they* na *them* zimetoka kwa hao hao.

Hakimu_Mstaafu: Kijana, usiidharau dola. Mahakama za Uingereza ziliendesha kesi kwa Kifaransa hadi sheria ya 1362 ilipoamuru Kiingereza kitumike. Lugha ikinyimwa ofisi kwa karne tatu, nani ataitunza? Watawa wa Peterborough waliandika kumbukumbu za kila mwaka kwa Kiingereza hadi 1154, na ukisoma kurasa za mwisho, miisho mingi haipo tena.

Kaskazi: Mzee wangu, shikamoo, lakini "kijana" imeingiaje hapa? Nina wajukuu.

Bint_Pangani: Nyote mnazungumzia miisho. Swali ni mpangilio. Kiholanzi nacho kimepoteza miisho na Wanormani hawakukitawala, lakini kitenzi chake bado kinashika nafasi ya pili kwenye sentensi kuu, na kwenye kishazi tegemezi kinasogea mwisho, karibu sawa na Kiingereza cha kale. Kiaislandi kimehifadhi miisho yake, na bado kitenzi kinakaa nafasi ya pili kwa nidhamu. Kwa hiyo "miisho ilianguka, mpangilio ukakaza" ni nusu ya habari. Na huo "uhuru" mnaousifu hamjausoma, kwa sababu ile lugha ilikuwa na kanuni zake. Wanaoulilia mpangilio wa zamani ni wale wanaosali kwa Kiingereza cha Biblia ya King James wakidhani Mungu anawasikia vizuri zaidi.

Mtumishi_Dodoma: Dada, hapo umevuka mpaka. Mimi nasali kwa Biblia hiyo, na mama yangu alizikwa kwa maneno yake. Ilitolewa 1611 na wanazuoni wapatao 47 waliojua Kiebrania na Kigiriki. *They toil not, neither do they spin*. Nionyeshe kosa liko wapi.

Bint_Pangani: Nani kataja kosa? Mstari huo ndio ushahidi wangu. *Toil not*: kitenzi kinabeba ukanushi chenyewe, bila msaidizi, kwa namna ya zamani. Halafu *do they spin*: msaidizi *do* ameingia na kumtangulia kiima. Pumzi moja, zama mbili.

Kaskazi: Na tusiichukue 1611 kama sauti ya mitaa ya London. Watafsiri wale waliagizwa kufuata Biblia ya Maaskofu ya 1568, na nyuma yake kuna Agano Jipya la 1526 la mtafsiri William Tyndale. Wanunuzi sokoni walikuwa wameshazoea *do* kwenye maswali wakati mimbarini bado ni *know not*.

Mtumishi_Dodoma: Tyndale alinyongwa na kuchomwa moto 1536, na nyie mnamhesabia *do*. Neno alilolifia mtu halipimwi kama pamba.

Hakimu_Mstaafu: Tumpe heshima yake. Lakini sheria ya 1362 hakuna aliyenijibu.

Mwana_wa_Busia: Mimi naona jambo hili tunalo nyumbani. "Kitabu Juma amekisoma", hakuna anayebabaika, *ki* imeshataja kilichosomwa. Lakini "simba amemuua nyati" ukibadilisha nafasi tu, umebadilisha mzoga, kwa sababu viambishi vya wote wawili ni sawa. Waingereza walipofika mahali *se* na *þone* zote zikawa *the*, wangefanya nini?

Kaskazi: Sawa, ila Waholanzi walifika hapo hapo wakafanya vingine. Ndiyo maana nashikilia kaskazini na Waviking.

Msomaji_Tabora: Basi tumekubaliana kwamba Kiingereza kiliharibika, tunabishania mkosaji tu?

Bint_Pangani: Hakuna aliyekubali "kuharibika", usitutie maneno mdomoni. Yalikuwa mapinduzi mawili. Kwanza kitenzi kiliacha kwenda nyuma ya yambwa, yaani mtendwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika karne za 12 na 13. Nafasi ya pili iliendelea kushikwa. Mshairi Chaucer, aliyefariki 1400, bado anatanguliza kielezi, kisha kitenzi, kisha mtendaji. Karne ya 15 ndipo desturi hiyo ikalegea, ikabaki kwenye masalia kama *never have I seen*. Mhalifu wako wa 1066 atabebaje jambo lililotokea miaka zaidi ya 350 baadaye? Na Waviking wa Kaskazi nao, mbona lugha zao huko Skandinavia zinaishika nafasi ya pili hadi leo?

Kaskazi: Hilo nitalijibu jioni, na nitalijibu vizuri.

Mtumishi_Dodoma: Na la sala, dada, utalijibu lini?