Fomu wani anasoma Kiingereza kwa sauti safi ila haelewi kitu, nampimaje kusoma na kuandika?

mwl_kando_ya_ziwa
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiingereza fomu wani shule moja ya kata huku kando ya ziwa upande wa Magu, darasa lina watoto 86, wote wametoka shule za msingi za Kiswahili na nyumbani ni Kisukuma, kwa hiyo tunasema lugha ya pili lakini kwao Kiingereza ni ya tatu kabisa. Juzi nikamsimamisha binti mmoja asome aya, akasoma vizuri mno, kwenye koma anapumzika, kwenye nukta anashusha sauti, wenzie wakampigia makofi. Nikamuuliza habari hii inahusu nini, kimya. Nikauliza kwa Kiswahili, akaangalia chini akasema mwalimu sijui. Afu kuna kijana wa benchi la nyuma ambae hawezi kumaliza mstari bila kukwama, yeye ndo akanyoosha mkono akasema huyo mtu alienda sokoni akaibiwa hela. Sasa kwenye daftari langu la maksi binti nimempa 8 na kijana ana 3. Siku mbili hili jambo halinitoki kichwani.

Kuandika ndo kabisa. Nikisahihisha insha nazungushia kila kosa, daftari linarudi kama limechinjiwa kuku, mtoto anaangalia maksi anafunga. Insha inayofuata anaandika mistari mitatu tu ili asikosee. Wenye uzoefu naombeni msaada, nawapimaje hawa watoto nijue kweli wanaweza nini?

mama Kayenze
Mwalimu pole, ila umeshalijibu nusu mwenyewe. Kutamka ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine, ulivipa maksi moja. Mimi nipo msingi na kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) tumezoea kutenganisha. Kuna kipimo kinaitwa EGRA, mtoto anakaa na wewe peke yake, anasoma kifungu kifupi dakika 1, unahesabu maneno aliyoyapatia, afu unamuuliza maswali kama 5 ya kile alichosoma. Wanampa hata maneno ya uongo yasiyo na maana, waone kama anaunganisha herufi kweli au amekariri sura ya neno. Huyo binti wako angefaulu maneno ya uongo yote, maana Kiswahili kimemfundisha kusoma silabi na anaibeba kwenye Kiingereza.

Pia angalia ugumu wa kifungu, akikosea zaidi ya 10 kwenye maneno 100 kimemzidi, mshushie. Na maswali ya ufahamu uliza kwa Kiswahili na ajibu kwa Kiswahili. Ukimtaka ajibu kwa Kiingereza cha kuandika hapo hupimi kusoma tena, unapima kuandika, na kijana wa benchi la nyuma atapata 3 maisha yake yote.

Dagaa_Mchele
Dada nakuheshimu lakini hapo kwenye Kiswahili sikubaliani. Kidato cha pili kuna upimaji wa taifa na hakuna atakaemuuliza kwa Kiswahili, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, karibu kila kitu Kiingereza. Tukiwazoesha hivi tunawadanganya.

mama Kayenze
Kaka, kupima ili nijue mtoto yuko wapi sio sawa na kumwandaa kwa mtihani. Daktari wa zahanati anakuuliza kwa Kisukuma unaumwa wapi afu dawa anaandika kwa Kiingereza, hujawahi kulalamika. Nikishajua kuwa anaelewa ila hana maneno ya kujibia, namfundisha maneno ya kujibia. Nisipojua namfundisha kusoma upya kitu anachokiweza na muda unaisha.

Dagaa_Mchele
Hapo nimekuelewa. Ila iwe muhula wa kwanza tu.

Mstaafu wa Nansio
Wanangu, kumkalisha mmoja mmoja watoto 86 ni wiki nzima. Nilifundisha Ukerewe miaka mingi na nilitumia kujaza nafasi. Chukua kifungu, sentensi ya kwanza iache nzima, afu futa kila neno la 7 uweke mstari, wao wajaze. Ni njia ya zamani, Mmarekani Wilson Taylor aliieleza mwaka 1953 akipima ugumu wa maandishi, baadae walimu wa lugha wakaichukua. Asieelewa hawezi kujaza hata awe na sauti ya redio. Unaandika ubaoni, darasa zima linafanya kipindi kimoja. Neno lisilo lile la kitabuni lakini linaloleta maana ileile mpe maksi yake.

Na angalizo moja ambalo lilinigharimu. Nilitunga kifungu cha kuanika dagaa nikidhani nawarahisishia, wote wakapata, nikafurahi. Kumbe maswali yalijibika bila kusoma, mtoto gani wa kisiwani hajui dagaa anaanikwa juani? Toka hapo maswali yangu nayapeleka kwanza kwa darasa ambalo halijaona kifungu, swali wanalolipatia nalifuta.

Nyegezi Kona
Kuandika niongezee. Huwa nasaidia watu wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kule insha inapimwa kwa mambo 4 yenye uzito sawa: amejibu alichoulizwa, mawazo yanafuatana, maneno aliyonayo, na sarufi. Sarufi ni robo tu! Mwalimu wewe na peni yako unaipa yote. Soma insha mara ya kwanza umeshika mikono mgongoni, jiulize tu mtoto anataka kuniambia nini, mpe maksi ya hilo, ndo urudi kwenye makosa.

Na makosa chagua aina moja kwa wiki. Mengi yana mzizi, Kiswahili hakina "a" wala "the" ndo maana anaziruka, yeye ni yeye awe mama au baba ndo maana "he" na "she" zinabadilishana, na "the fish it has died" ni samaki amekufa, ile "it" ndo kiambishi chetu "a-" kimejipenyeza. Wengine huku l na r zinagombana hadi "rice" inaandikwa "lice", hilo ni sikio, usilihesabu kama kutojua neno.

mwl_kando_ya_ziwa
Wakuu narudi baada ya wiki moja. Mzee wa Nansio shikamoo, ubao wa kujaza nafasi umenifungua macho, kati ya 86 wapo 31 wamepata chini ya robo na 9 kati yao nilikuwa nawaita wasomaji wazuri. Hao 31 ndo nawakalisha mmoja mmoja kama alivyosema mama Kayenze, watatu kila siku mapumziko. Kijana wa nyuma alipata nafasi 14 kati ya 20.

Insha nimesahihisha "he" na "she" peke yake. Yule binti ameandika ukurasa mzima kuhusu bibi yake, "the" hakuna hata moja, bibi ameanza "he" akaishia "she", lakini nimejua bibi anauza nini, anaumwa goti lipi na kwa nini mwaka huu hakulima. Nimefuta ile 8 na ile 3 kwenye daftari, nafasi zao nimeziacha wazi kwanza.