Malindi: chumba cha familia na kulipia watu wazima wa ziada, vyumba viwili, au nyumba nzima?

Baba Zuhura
Habari zenu nyote. Desemba nataka kuipeleka familia Malindi, usiku nne. Hoteli niliyoipata ina chumba cha familia kwa shilingi 14,000 kwa usiku. Nilifurahi, karibu nitume dipoziti. Nilipowaambia tuko sita, wakanijibu kwamba bei ile ni ya watu wazima wawili na watoto wawili, na kila mtu mzima anayezidi ni 4,500 kwa usiku. Yaani chumba kilekile, kuta zilezile, kinapanda hadi 23,000! Hapohapo hotelini vyumba vya kawaida vya watu wawili ni 9,500. Halafu kuna nyumba ya kukodi upande wa Casuarina, vyumba vitatu vya kulala, 16,000, bila chakula. Nishaurini, natakiwa kulipa Ijumaa.

Mkaazi wa Kisumundogo
Watoto wana miaka mingapi? Bei ni pamoja na chakula au kulala tu? Na Desemba tarehe ngapi? Hapa kwetu Malindi tarehe 5 na tarehe 27 ni bei mbili tofauti kabisa. Bila hayo tutakushauri gizani.

Ali wa Mapokezi
Nimekaa mapokezi miaka sita, hoteli mbili za Pwani. Ndugu, usidhani unalipia kuta. Mtu mzima anayeongezeka anakula kifungua kinywa, anatumia shuka, taulo na maji, na kitanda chake hutandikwa kila siku. Hoteli nyingi hupanga bei kwa kichwa, chumba ni jina tu. Kwa hiyo ada kuwepo si wizi. La kuuliza ni je, hizo 4,500 zina nini ndani yake? Kifungua kinywa kimo? Kodi ya VAT ya 16% na ile tozo ya utalii ya 2% zimo, au zitaongezwa siku ya kuondoka? Na ni kitanda cha kweli au godoro la kutandikwa chini?

Zaka254
Mbona mnamtisha mwenzenu? Aandikishe wanne, wale wawili waingie jioni kama wageni waliokuja kusalimia. Vitanda si vipo.

Ali wa Mapokezi
Zaka, usimpe mtu ushauri huo. Kila mgeni anaandikwa kwa kitambulisho. Usiku ukizuka moto, msimamizi hutoka na orodha kuhesabu watu. Mtu ambaye hayumo kwenye orodha hakuna atakayerudi ndani kumtafuta. Na asubuhi kwenye kifungua kinywa mtajulikana tu, mbele za watu, pamoja na watoto wenu.

Baba Zuhura
Samahani, niliruka mambo. Watoto ni miaka 7 na 13. Bei zote za hoteli ni pamoja na kifungua kinywa. Tarehe 20 hadi 24.

Mkaazi wa Kisumundogo
Miaka 13! Hapo ndipo penye shughuli. Hoteli nyingi mtoto kwao ni chini ya miaka 12. Kama hao nao wanahesabu hivyo, huyo wa 13 ni mtu mzima wa tatu wa ziada, na chumba chako kinafika 27,500. Uliza leo, usisubiri Ijumaa.

Mama Swabra
Hili la umri lilinipata mwaka juzi, na bado linaniuma. Sitaitaja hoteli. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto watatu, na mamangu ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Nilipiga simu, msichana akaniambia kwa upole kabisa, mtu wa ziada ni 2,000. Nikaridhika, sikuomba chochote kwa maandishi. Tukafika saa mbili usiku, watoto wana usingizi. Mapokezini akakaa kijana mwingine. Akasema 2,000 ni ya godoro peke yake, chakula hakimo, na hiyo ilikuwa bei ya kabla ya msimu. Nikampigia yule msichana, simu haishikwi. Na saa hizo utakwenda wapi na mgonjwa? Tukalipa 5,500. Godoro likaletwa saa nne, jembamba, likawekwa kati ya mlango wa choo na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji. Mamangu hakusema neno. Mimi ndiye niliyelala pale, yeye nikampa kitanda changu. Siku ya kuondoka wakaleta bili nyingine, kijana wangu wa miaka 12 na miezi miwili alikuwa amehesabiwa mtu mzima kwa siku zote tatu. Nililia garini, si kwa ajili ya pesa tu. Nilikuwa nimemwahidi mamangu mapumziko. Tangu hapo sitoi hata shilingi mpaka nimeandikiwa kwa WhatsApp au kwa barua pepe: watu wangapi, umri gani, kitanda gani, jumla ngapi.

Baba Zuhura
Pole sana dada. Nimewaandikia sasa hivi kuhusu umri.

Bi Mwana
Mwanangu, mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hao watu wazima wawili wa ziada ni akina nani?

Baba Zuhura
Shikamoo Bi Mwana. Ni mama mkwe wangu na shemeji, mdogo wake mke wangu.

Bi Mwana
Marahaba. Basi hesabu zote za chumba kimoja ziweke kando. Mkwe na mkwewe walale chumba kimoja, choo kimoja, usiku nne? Huyo mama atavua mtandio wapi? Ataamkia wapi alfajiri kuswali bila kukukanyaga? Nilidhani ni ndugu zako wa kiume. Heshima ya mkwe haina kitanda cha ziada. Chukua vyumba viwili: bibi, binti yake na mjukuu mkubwa kule, wewe na mkeo na mdogo huku.

Zaka254
Bi Mwana, kwa heshima, siku hizi watu wanaishi nyumba za chumba kimoja mjini na wakwe wanakuja kutembea. Na vyumba vingine vya familia vina mlango katikati.

Bi Mwana
Anayekuja kutembea penye dhiki mnamsitiri kwa pazia. Huyu anampeleka mkwewe kwa hiari yake na kwa pesa yake. Ni jambo lingine. Mlango katikati sawa, ila aulize kama ni mlango au ni tao tu.

Mkaazi wa Kisumundogo
Vyumba viwili ni 19,000, lakini ni vya watu wawiliwawili na nyinyi mko watatuwatatu. Hapo tena uulize ya kitanda. Mimi ningekwenda nyumba: 16,000 mara nne ni 64,000. Mpishi kwa siku muagane 1,500, ni 6,000. Jumla 70,000 na soko lenu. Samaki wakiingia asubuhi ufuoni mnanunua wenyewe. Chumba cha familia, hata huyo wa 13 akihesabiwa mtoto, ni 92,000. Ila uliza jenereta, na umeme ni wa nani. Nyumba nyingi token za umeme unajinunulia.

Mshela
Mnahangaika na Malindi ya nini? Njooni Lamu. Nyumba nilizokodi mimi Shela na Lamu mjini zote zilikuwa kwa nyumba nzima, mpishi yumo, hakuna aliyehesabu vichwa. Watoto wanacheza vichochoroni bila hofu ya gari. Na Desemba maji ya Malindi mnayajua: mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unashusha tope, upepo wa kaskazi unalisukuma kusini, ufuo wa mji unakuwa mwekundu.

Mkaazi wa Kisumundogo
Si kila siku ni mekundu, na Watamu ni mwendo wa nusu saa. Lamu ni mpaka Mokowe halafu boti. Na ngazi za nyumba za Lamu mama mwenye magoti atazipandaje?

Mshela
Atalala chini. Kwani hakuna nyumba yenye chumba cha chini?

Baba Zuhura
Jibu la hoteli limekuja: wa miaka 13 ni mtu mzima. Lakini wamesema tukichukua vyumba viwili, vitanda vya watoto wote wawili wataviweka kwa 2,000 kila kimoja, chakula kimo. Kwa hiyo 23,000 kwa usiku, sawa na nilivyoanza. Mke wangu anataka nyumba, mama mkwe anasema haendi Malindi kusimamia jikoni. Kuhusu Lamu, asante Mshela, labda mwaka mwingine. Tunatoka Voi, nilitaka tukate kupitia hifadhi ya Tsavo Mashariki tutokee lango la Sala. Kuna aliyepita karibuni?

Ali wa Mapokezi
Mkichagua nyumba, mwambie mama mkwe kwamba mpishi ndiye wa jikoni. Na pale Sala kumbuka hifadhi nayo inatoza kwa kila mtu, na gari lake, hata kama mnapita tu.

Mama Swabra
Njia ya Mombasa ni ndefu lakini kuna mahali pa kuwapumzisha watoto. Mbugani hamruhusiwi kushuka ovyo, na mtoto wa miaka 7 anataka kushuka kila saa.

Zaka254
Sala nilipita, tembo tuliwaona karibu kabisa na barabara. Gari lako ni gani?

Baba Zuhura
Probox, hii ya viti vitano.

Bi Mwana
Watu sita, mwanangu?