Manesi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), tupeane uzoefu: kosa lililokukosakosa

Sista wa Kisauni
Haya jamani, leo tuseme yale tusiyoyasema kwenye kukabidhiana zamu. Naanza mimi.

Saa tisa usiku, wagonjwa watatu juu yangu, mmoja yuko kwenye mashine ya kupumulia. Nataka maji ya sindano nichanganyie antibayotiki. Nikatia mkono kwenye trei, nikatoa kichupa cha plastiki cha mililita 10, nikakata ncha, nikaanza kuvuta. Nilipokigeuza kwenye mwanga wa monita nikaona: potasiamu kloraidi, asilimia 15. Milimoli 20 hizo! Ukizisukuma mshipani hivyo hivyo bila kuzichanganya kwenye dripu, moyo wasimama. Vichupa viwili vyafanana kama pacha, na mtu kaviweka trei moja.

Nilikaa chini sakafuni, wallahi. Asubuhi potasiamu yote ikatolewa kwenye troli ikafungiwa kabatini. Sasa huchukui mpaka mwenzio asome lebo kwa sauti.

Kaka Changamwe
Pole sana dada. Kwetu ilikuwa insulini. Daktari kaandika 10U kwa haraka, ile U ikafungana juu, mwenzangu akasoma 100. Kilichotuokoa ni yeye kuniita: "Hebu njoo, mililita nzima kweli?" Maana insulini yetu uniti 100 ndiyo mililita 1. Siku hizi daktari asipoandika "uniti" kwa herufi zote, faili yamrudia.

Mjukuu wa Tudor
Mimi si nesi, mnisamehe kuingilia. Nyanyangu alipolazwa nilimwona kalala kama amekaa, nikamwonea huruma nikakishusha kitanda. Sista alikuja mbio! Kumbe kichwa hukaa nyuzi 30 hadi 45 makusudi, ili kile chakula cha mpirani kisipande kikaingia mapafuni. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Nesi Likoni
Kengele za monita nazo. Zikilia bure usiku kucha, masikio yazizoea, na siku ya kweli hugeuki. Sisi twabandua vibandiko vya kifuani, vile vya kusoma mapigo ya moyo, kila siku twaweka vipya, kelele imepungua.

Kaka Changamwe
Sista, lile la potasiamu uliliripoti?

Sista wa Kisauni
Baada ya wiki mbili. Niliogopa barua ya kujieleza. Fomu ina nafasi ya jina la aliyekosea, ya trei haina. Nikaichora pembeni kwa kalamu, na vichupa vyake.