Draiva yangu inakatwa kwenye baiti 4095: nihamie /proc, debugfs au netlink?

kibao_kijani: Wakuu, naombeni ushauri kabla sijakabidhi kazi Ijumaa. Nimeandika draiva ya Linux ya kipokezi cha redio kinachokusanya usomaji wa mita za maji. Usomaji wote nautoa kwenye faili moja ndani ya /sys (sysfs, mafaili ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, huonyeshea habari za vifaa). Mezani kwangu nikiisoma kwa amri ya cat napata mita zote, kwa mteja inakatika katikati ya mstari, na dmesg (ujumbe wa kerneli) iko kimya. Ipi bora: /proc (mafaili mengine ya kerneli) kwa seq_file, inayotoa maandishi marefu; debugfs, mafaili ya kutafutia hitilafu; au netlink, soketi kati ya kerneli na programu?

Asha_Bafa: Mkuu, hujatupa kitu. Mita ngapi? Kerneli ipi? Bodi gani kwako na kwa mteja? Nani anaisoma hiyo faili?

kibao_kijani: Samahani dada. Mita 240, kila moja mstari wa herufi 22 ukihesabu na ya kushukia mstari. Kerneli 6.6 pande zote. Kwangu Raspberry Pi 5, kwa mteja Pi 4. Inasoma skripti ya Python kila dakika. wc -c, inayohesabu baiti, kwa mteja inatoa 4095, na mstari wa mwisho umeishia "M01".

Asha_Bafa: Basi jibu unalo. 240 mara 22 ni 5280. show() ya sysfs, kitendaji cha draiva kinachojaza faili, hupewa bafa (nafasi ya kuandikia) ya ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu. Pi 4 ina kurasa za baiti 4096, kerneli inayokuja na Pi 5 ina za 16384. Piga getconf PAGESIZE kote uone. Mistari 186 inakula 4092, zinabaki herufi tatu na sifuri ya kufungia. sysfs_emit_at, unayoandikia humo, hukata bila kupiga kelele. Ungetumia sprintf, isiyojua ukomo, ungeandika juu ya kumbukumbu ya mwingine.

mzee_wa_make: Kosa ni kurundika. Sheria ya sysfs ni faili moja, thamani moja. Fungua saraka kwa kila mita, ukomo hautakugusa.

kibao_kijani: Mzee, faili 240 kila dakika?

mzee_wa_make: Kompyuta haichoki, kijana.

Ras_Soketi: Netlink, hakuna mjadala. Data inakuja kwa vipande, kila kipande kina aina na urefu wake, hakuna kuchambua maandishi.

Kombo: Wakuu, kukatwa kimya kimya kulinitesa. Kerneli za kabla ya 4.2, ya mwaka 2015, zilikuwa zinaonyesha baiti 4096 tu za /proc/PID/cmdline, faili yenye amri iliyowasha programu (PID ni namba ya programu inayoendeshwa). Tulikuwa na programu ya Java yenye orodha ndefu ya jar (mafaili ya Java), na jina lake liko mwishoni kabisa mwa amri. Skripti ya ulinzi inatafuta jina kila dakika tano, hailioni, inawasha nakala nyingine. Nimeamshwa saa tisa usiku, free -m inaonyesha kumbukumbu imekwisha, nakala kumi na moja zinagombea foleni moja ya malipo. Wateja walikatwa pesa mara mbili. Siku mbili nzima nilimlaumu aliyeandika Java, maskini, hana kosa. Tangu hapo kila nikisoma kitu cha /proc au /sys nahesabu baiti kwanza.

Ras_Soketi: Hiyo skripti ingetumia faili ya PID.

Kombo: Ndiyo, sasa inatumia.

Asha_Bafa: Turudi. Debugfs mwachie fundi: kwa kawaida ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) tu anaingia, na hakuna anayekuahidi itabaki ilivyo. seq_file itakufikisha Ijumaa, bafa ikijaa inaikuza yenyewe. Ila orodha ikibadilika kati ya read mbili, unaweza kuruka mita au kuisoma mara mbili. Ukitaka kubaki /sys, ipo bin_attribute, faili ya sysfs ya baiti ghafi: unapewa mahali pa kuanzia, unagawa mwenyewe. Ramani za CPU za kila nodi (kundi la CPU na kumbukumbu yake) zilihamishiwa huko kwa sababu hiyohiyo ya ukurasa.

mzee_wa_make: Na faili mpya ya draiva ndani ya /proc haitapokelewa kwenye kerneli kuu.

kibao_kijani: Siipeleki kerneli kuu, ni ya mteja huyu tu.

Kombo: Kwani lazima iwe draiva? Kipokezi kiko kwenye SPI (njia ya waya ya kuunganisha chipu), kuna spidev, inayoruhusu programu ya kawaida kuisoma. Soma kwa Python moja kwa moja, ukomo wote huo unaukwepa.

kibao_kijani: Kipokezi kinataka kujibiwa haraka, Python ilikuwa inapoteza pakiti. Najaribu seq_file usiku huu. Halafu mteja amenipigia sasa hivi, anasema mita zitafika 600.

Asha_Bafa: Hilo nalo hukulisema mwanzo. Zinatuma kila baada ya muda gani?