Nina grini kadi, nipo Dodoma namuuguza mama: naweza kuomba uraia wa Marekani bila wakili?

Binti wa Area C

Mbukwenyi wadau. Naombeni msaada wa mawazo hasa nyie mliopita hii njia. Mimi na mume wangu tuliingia Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza, tunaishi Columbus kule Ohio, mume na watoto wawili wapo huko mpaka leo. Mimi nipo hapa Dodoma. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na kwetu tumezaliwa wawili tu, kaka yuko Mwanza na kazi yake ni ya safari safari, kwa iyo nikaja mimi. Nlijua ntakaa kidogo nirudi ila mgonjwa wa kiharusi anataka mtu wa kumgeuza, wa kumlisha, wa kumpeleka mazoezi, nikija kushtuka miezi sita imeshapita. Mwaka bado haujafika.

Sasa miaka mitano ya grini kadi (ile kadi ya ukaazi wa kudumu) imetimia nikiwa huku huku. Mume anasema nikirudi tujaze wenyewe ile fomu N-400 ya kuomba uraia, tusimlipe mwanasheria, maana hela zote zimeishia kwenye nauli na dawa. Ndugu mmoja kaniambia bila wakili watanikataa asubuhi tu, mwingine anasema wakili ni kutupa hela. Na kuna jambo lingine linaninyima usingizi, baba alituachia kiwanja Ihumwa na hati imeshatoka kwa jina langu, nikiwa raia wa kule inakuwaje? Nawasikiliza.

Mdau Kizota

Pole sana dada, Mungu amnyanyue mama. Wakili si lazima kabisa, hakuna sheria ya Marekani inayosema lazima uwe naye. Mdogo wangu yuko Texas, alijaza mwenyewe onlaini kwa simu na laptopu, akaenda alama za vidole, akaitwa intavyu, akaapa. Ila yeye tangu aingie hakutoka hata mara moja, kwa iyo sijui kwa hali yako, wenye ujuzi waje.

Kaka Minnesota

Dada pole na kuuguza, ngoja niandike kwa kirefu maana ya kwako si ya ndiyo au hapana. Huku nawasaidia sana Waswahili wenzetu kujaza hizi fomu jumamosi jumamosi, si mwanasheria mimi, ila nimeshaona nyingi zimepita na nimeona zinazokwama zinakwamia wapi.

Fomu yenyewe si ngumu. Ni maswali: ulikaa wapi miaka mitano iliyopita, ulifanya kazi wapi, ulisafiri lini ukarudi lini, umewahi kukamatwa, umewahi kujiandikisha kupiga kura, kodi unalipa. Mtu anayejua kusoma kiingereza cha kawaida anajaza. Ada ukiomba onlaini ni dola 710, ukituma karatasi ni 760, na kipato cha nyumba kikiwa kidogo kwa viwango vyao kuna punguzo unalipa 380 ila hiyo lazima uombe kwa karatasi. Iyo hela ukikataliwa hairudi. Ndo maana nasema usiwaze wakili kwanza, waza tarehe zako.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza ni siku ulizokuwepo Marekani kimwili, ndani ya ile miaka mitano lazima zifike miezi 30, nusu yake. Hapo wewe kwa maelezo yako uko salama kabisa. Cha pili ni ukaazi usiokatika, na hapa ndo kwenye mtihani wako. Safari moja ikizidi miezi sita, sheria inachukulia kwamba umeukata ukaazi, mpaka wewe uthibitishe kuwa hukuukata. Safari moja ikifika mwaka, hapo hakuna cha kuthibitisha, imekatika na unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo wewe saiv upo katikati, mlango haujafungwa ila wewe ndo wa kuleta ushahidi, si wao.

Na ushahidi wanaoutaka unajulikana. Familia yako ilibaki Marekani? Ndiyo, mume na watoto, hilo peke yake ni zito. Nyumba mliiacha? Mkataba wa kupanga una jina lako? Bili za umeme na maji? Kazi uliacha au uliomba ruhusa? Kama mwajiri alikupa likizo bila malipo omba barua. Huku Tanzania usiajiriwe, maana ukichukua kazi Dodoma wanasema umehamia. Watoto wana rekodi za shule, chukua. Alafu upande wa mama, kusanya karatasi za hospitali zenye tarehe, siku alipolazwa, siku za mazoezi, barua ya daktari inayosema mgonjwa alihitaji mwangalizi. Kama imeandikwa kiswahili itafsiriwe yote kwa kiingereza, na mtafsiri aandike chini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, asaini. Huhitaji mhuri wa wakili kwa hilo, rafiki yako mwalimu anaweza.

Jambo la haraka kuliko yote: rudi kabla mwaka haujatimia. Ukiwa chini ya mwaka grini kadi yako inatosha kupanda ndege na kuingia. Ukipitiliza bila ile ruhusa maalumu ya kurudi haitoshi, na hiyo ruhusa ilitakiwa uiombe ukiwa Marekani, huwezi kuiombea Dodoma. Hapo utakuwa umeangukia ubalozini Dar kuomba viza ya mkaazi anayerejea na lazima uwaridhishe kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Na ukitua, ofisa wa mpakani akikuuliza maswali mengi jibu ukweli, mwoneshe karatasi za mama. Akikuletea fomu I-407 usisaini. Iyo ni fomu ya kuacha ukaazi kwa hiari yako, hakuna anayeweza kukulazimisha, una haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji.

Shangazi Mpwapwa

Mwanangu pole, na hongera kwa kumtunza mama, hiyo kazi haina mshahara duniani. Mimi niliishi Marekani miaka mingi, nitasema tofauti kidogo na kaka hapo juu ingawa ameeleza vizuri.

Kuna watu ambao wasijaribu bila mwanasheria. Aliyewahi kukamatwa na polisi hata kama kesi ilifutwa, aliyekutwa anaendesha amelewa, aliyepiga kura au kujiandikisha kupiga kura kabla hajawa raia (hii inawapata wengi wakienda kuchukua leseni ya udereva, karani anauliza haraka haraka mtu anaitikia tu ndiyo), mwenye deni la kodi, mwanamume aliyeingia kabla ya kufika miaka 26 na hakujiandikisha kwenye orodha ya jeshi, na aliyepata grini kadi kwa ndoa ambayo ilikuwa na maneno. Hao wote wakipeleka fomu wanakuwa wameita ofisa aje alifungue faili lao lote kuanzia mwanzo, na mwisho wake unaweza usiwe kunyimwa uraia tu bali kuitwa mahakamani kuondolewa.

Wewe kwa ulivyoeleza si mmoja wao. Ila hii safari yako ndefu inanifanya niseme mlipe mwanasheria wa uhamiaji kwa kikao kimoja tu, si kesi nzima. Unaenda na tarehe zako na karatasi zako, unamwuliza swali moja: ushahidi huu unatosha au nisubiri? Fomu unajaza mwenyewe. Na kama hela hakuna kabisa, yapo mashirika yasiyo ya biashara yenye watu waliopewa kibali na Wizara ya Sheria ya Marekani kuwasimamia waombaji, wanatoza kidogo au bure. Uliza kama ana kibali hicho au leseni ya uwakili. Usimpe karatasi zako mtu wa mtaani anayesema yeye mzoefu ana mtu ndani, awe Mbongo mwenzetu au nani, akikosea tarehe moja sahihi iliyo chini ya fomu ni ya kwako.

Binti wa Area C

Shikamoo shangazi, asante. Kaka Minnesota ubarikiwe, nimeandika yote kwenye daftari. Kazi sikuacha, niliomba ruhusa na bosi alinijibu kwa barua pepe, nyumba ipo na mkataba una majina yetu wote wawili. Kodi mume alijaza kwa pamoja kama kila mwaka. Polisi sijawahi kabisa. Daktari leo kanikubalia kuandika barua. Kaka naye kasema atahamishia familia yake hapa kwa mama, kwa iyo kurudi kabla ya mwaka ntaweza. Kilichobaki ni kile kiwanja.

Kaka Minnesota

Safi sana. Kwenye kodi hakikisha hamkujaza kama wewe si mkaazi, kuna watu wanafanya hivyo kupunguza kodi na inawaharibia, kwenye uraia inasomeka kama umejitoa ukaazi mwenyewe. Toa nakala za rekodi zenu za kodi miaka yote mitano, zinapatikana bure.

Alafu nimewaza kitu, kwa nini mume asubiri wewe urudi? Kila mtu anaomba kivyake, fomu yake ada yake. Yeye hajasafiri, miaka mitano imetimia, aanze hata wiki hii peke yake na bila wakili, na kwa ambao bado miaka haijatimia wajue unaruhusiwa kutuma hadi siku 90 kabla. Faida yake kubwa ni watoto. Akiapa, watoto walio chini ya miaka 18 wenye grini kadi na wanaoishi naye pale kihalali wanakuwa raia hapo hapo kwa sheria, hawajazi N-400, hawafanyi mtihani, anawaombea tu pasipoti. Hapo familia inakuwa imetulia hata kama wewe utaambiwa usubiri. Ila usidhani utarukia kwenye ile njia ya miaka mitatu ya mwenye ndoa na raia, hiyo inataka mume awe raia kwa miaka mitatu kamili mkiwa mnaishi wote.

Kuhusu mtihani wa historia na serikali ya Marekani, wanaotuma kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 ni ule mpya, orodha ina maswali 128, ofisa anauliza mpaka 20 na unatakiwa upate 12. Ule wa zamani ulikuwa maswali 100, unaulizwa 10 unapata sita. Maswali na majibu yapo bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia hizi fomu za uraia, msinunue vitabu. Kusoma na kuandika kiingereza ni sentensi, unapewa nafasi tatu unatakiwa upatie moja. Ukifeli unaitwa tena mara moja ndani ya siku 60 hadi 90, ada ni ile ile uliyokwisha lipa. Na mkikataliwa kabisa mna siku 30 za kuomba kusikilizwa upya, hapo sasa mtafuteni wakili kweli.

Mzee wa Makole

Binti, nimefuatilia mjadala wenu kwa makini. Nilifanya kazi za ardhi mpaka nikastaafu, naomba nizungumzie upande wa nyumbani kwa sababu vijana wengi wanaapa kule kwanza ndipo wanauliza huku.

Tanzania hatuna uraia pacha kwa mtu mzima. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma. Haungoji barua ya Uhamiaji. Siku unayoapa kule ndiyo siku hiyo, na pasipoti ya Tanzania huruhusiwi tena kuitumia, ukija kumwona mama unalipa viza kama mgeni mwingine, kwa raia wa Marekani ni dola 100. Watu wanaoficha wanaingia na pasipoti zote mbili, mimi sikushauri hata kidogo, siku ukibanwa unapoteza zaidi ya hiyo dola 100.

Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sasa mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi kuwapa hadhi maalumu wenzetu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Hiyo ni hatua kubwa, lakini usiichukue kama jibu la kiwanja chako. Wewe uko hapa hapa Dodoma, makao makuu ya Uhamiaji yako hapa na Wizara ya Ardhi iko Mtumba, kutoka Area C ni daladala tu. Nenda na nakala ya hati, waulize mtu mwenye hati aliyokuwa nayo akiwa raia kisha akabadili uraia, hatua zake ni zipi na kwa utaratibu wa sasa, wakupe jibu kwa maandishi. Hapo ndipo hela ya mwanasheria naiona ina kazi, mwanasheria wa ardhi wa hapa, kuliko yule wa kujaziwa fomu. Na kama wewe na kaka yako mnaelewana, zungumzeni mapema kuhusu hati kuhamia kwake, mama akiwa bado anasikia na anatoa baraka.

Binti wa Area C

Shikamoo mzee wangu, asante sana sana. Kumbe naweza kubaki na grini kadi tu bila kuomba uraia?

Mzee wa Makole

Marahaba binti. Kwa upande wa Tanzania ndiyo, ukaazi wa kudumu wa nchi nyingine haukuondolei uraia wako.

Kaka Minnesota

Na kwa upande wa huku pia ndiyo, kadi unaihuisha kila miaka kumi na unaendelea kuishi. Ila ukaazi unaweza kuupoteza kwa kukaa nje muda mrefu na uraia haupotei kwa hilo, na kwa mtu ambaye mama yake mgonjwa yuko Dodoma hilo ni jambo la kulipima vizuri na mume wako. Kata tiketi kwanza dada, ukishapata tarehe nitumie orodha ya safari zako zote inbox, tuzihesabu pamoja na mihuri ya pasipoti kabla hujagusa fomu.