Mdogo wangu anatafuna mchele mbichi kutwa, kucha zimebonyea, tatizo nini?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, mdogo wangu ana miaka 19, toka mwezi wa pili anatafuna mchele mbichi na udongo ule wa kuuzwa sokoni, nikimsema anacheka tu, sasa juzi namshika mkono naona kucha zimebonyea katikati kama kijiko na akipanda ngazi kidogo anahema. Mimba hana, tumepima.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Pole shoga. Mvute kope ya chini uangalie ndani, kama imepauka damu hamna hiyo. Mie yalinikuta, na hedhi yangu ilikuwa nzito balaa. Muulize kuhusu hedhi, wasichana wanaficha hayo.

daktari_wa_mtaani:
Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi inaendana na upungufu wa madini ya chuma, na kucha za kijiko ndo kabisa. Ila usibuni, mpeleke apime wingi wa damu na choo pia, maana minyoo ya safura inanyonya damu na ukimpa vidonge tu bila kuitoa mnarudi palepale. Na huo udongo wenyewe unazuia chuma kufyonzwa.

Kijana Mbishi:
Mchicha bro, apige mchicha

daktari_wa_mtaani:
Mchicha peke yake hautoshi, aongeze dagaa, maini, maharage, na ndimu juu yake. Chai aiweke mbali na mlo, hapo ndo wengi tunafeli.

Mleta mada:
Duh, chai anakunywa na kila kitu. Kesho asubuhi tunaenda kupima.